Kompyuta za eksirei ya meno: niliyoiondoa na aina mbili ninazofanyia kazi sasa

Mtoto yule alikuwa wa darasa la tatu. Aliingia kashika shavu la kulia, na mama yake akaniambia hakulala usiku kucha. Gego lake la chini, lile tunaloliandika 46, lilikuwa na tundu ambalo kwa macho matupu sikuweza kujua limefika wapi. Nilihitaji picha. Kihisi cha kidijitali hakipindiki kama filamu, ni kibamba kigumu chenye waya kinachopokea picha ndani ya mdomo, na ukikiweka chini ya ulimi wa mtoto anataka kutapika. Tulijaribu mara tatu, akakitoa. Mara ya nne akafumba macho, akavumilia. Nikatoka nyuma ya ukuta, nikabonyeza, mashine ikalia. Nilipoitazama skrini, kiduara cha kusubiri kilikuwa kinazunguka. Kikazunguka weee, dirisha la programu likageuka jeupe, na kompyuta ikaganda palepale. Tuliizima kwa kushikilia kitufe. Ilipowaka tena, picha haikuwepo.

Ikabidi nimwambie mama wa watu kwamba tunarudia.

Dozi ya picha moja ya jino ni ndogo, mikrosiveti chache tu. Najua hivyo, na ndivyo ninavyowaeleza wagonjwa wanaoogopa. Lakini mgonjwa humpi mionzi ila kwa sababu, na sababu yenyewe ni picha. Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Ujerumani, alipopiga picha ya meno yake mwenyewe Januari 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kutangaza ugunduzi wake, alikaa mbele ya mionzi dakika 25. Leo mashine yangu inatumia sehemu ya sekunde. Francis Mouyen wa Ufaransa alipoleta kihisi cha kwanza cha mdomoni mwaka 1987, sifa yake kubwa ilikuwa hiyohiyo: mionzi pungufu kuliko filamu. Watu wamehangaika zaidi ya karne kupunguza, na mimi kwa kompyuta ya bei rahisi nikamwongezea mtoto dozi ya pili. Usiku ule sikulala vizuri. Kompyuta ile niliichagua mwenyewe.

Nina kliniki ya viti viwili Ngamiani, hapa Tanga. Kwa miaka kumi na moja nilipiga picha kwa filamu: chumba cha giza, beseni la dawa, beseni la maji, picha imebanwa inachuruzika. Mwaka jana nikahamia dijitali. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kihisi. Nilisoma, nikauliza, nikalinganisha, nikaomba nijaribu kabla ya kulipa. Kompyuta nikaichukulia kama kiti cha mapokezi, kwamba yoyote itafaa. Nikanunua kompyuta mpakato mpya ya bei ndogo ambayo dukani waliniambia inatosha kwa ofisi. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa kuipa kazi isiyo yake. Ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya GB 4 na diski ya kuzunguka, ya mtindo wa zamani.

Fundi wetu aliifungua siku iliyofuata, nikakaa naye mpaka nikaelewa. Mionzi ikishagonga kihisi, picha inapita kwenye waya wa USB, inaingia kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, programu inaisafisha, ndipo inaandikwa kwenye diski. Kabla haijaandikwa, picha ipo hewani, kompyuta ikiganda inakwenda nayo. Dakika ile Windows ilikuwa inashusha masasisho yake, na diski ilikuwa imezidiwa, haina nafasi ya kumhudumia mtu mwingine. Halafu kulikuwa na jambo la pili, na hili nimelikuta baadaye kwa wenzangu wawili: Windows kwa kubana matumizi ya umeme inalilaza tundu la USB lisipotumika kwa muda. Kihisi kinalala nalo. Ukikiamsha wakati tayari umebonyeza mionzi, umechelewa. Mpangilio huo unazimwa kwenye sehemu ya umeme ndani ya Windows, kazi ya dakika mbili, na kwenye kompyuta yoyote yenye kihisi ni jambo la kwanza ninalolizima.

Basi nikaanza upya, na safari hii nilianzia mwisho. Nilimwomba aliyeniuzia kihisi anipe karatasi ya mahitaji ya programu yake: toleo la Windows, RAM, aina ya tundu la USB, kadi ya picha. Si wote wanaoitoa kwa hiari. Ng'ang'ania. Ukinunua kompyuta kwanza halafu ukatafute kihisi kinachoelewana nayo, unajifunga mwenyewe.

Karatasi ile ilinishangaza kwa udogo wa mahitaji. Nikakaa na kikokotoo. Kihisi cha ukubwa wa 2, kile cha mtu mzima, uso wake unaopokea picha ni kama milimita 26 kwa 36. Nukta zikiwa za mikroni 20, unapata nukta milioni 2 na laki tatu hivi. Kila nukta ikichukua baiti 2, picha moja haifiki MB 5. Simu ya mkononi inapiga picha za harusi za ukubwa huo na haijisikii kitu. Mimi nikipiga picha 20 kwa siku, siku 26 za mwezi, kwa mwaka mzima ni kama GB 31. Kwa hiyo muuzaji mmoja wa Posta, Dar, aliyenitolea mashine ya michezo yenye taa za rangi, ya shilingi milioni tatu na nusu, akaniambia "Dokta, eksirei inataka nguvu", sikumkasirikia, ila nilimuaga. Picha ya jino inataka uhakika. Inataka diski ya SSD, ile isiyozunguka na isiyomsubirisha mtu, RAM ya GB 16 ili programu ya wagonjwa na ya picha zikae pamoja bila kusukumana, na tundu la USB lililo macho. Prosesa ya kawaida inatosha kabisa.

Lakini ya kawaida ya kizazi kipi, hapo ndipo wengi tunapoumia. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya na Ghuba, na sina ubaya nazo, zote ninazozisifu hapa ni za mtumba. Ila Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kijipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine za kizazi cha 6 na cha 7, zinawaka vizuri dukani, zinapendeza. Kwenye kliniki yenye majina, simu na taya za watu, mashine ya namna hiyo siitaki. Namna ya kutambua ni rahisi: soma namba inayofuata baada ya i5 au i7. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-7500 cha 7, i5-8500 cha 8. Usitegemee stika iliyobandikwa mbele. Washa, nenda kwenye taarifa za mfumo, soma kwa macho yako.

Sasa skrini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za mwenye kliniki zinapostahili kwenda na ndipo tunapobana.

Jino linapoanza kuoza kati yake na jirani yake, kwenye picha unachoona ni kivuli. Kijivu kilichokolea kidogo ndani ya kijivu kingine, pale kwenye ganda gumu la nje. Kikishakuwa cheusi cha kuonekana na kila mtu, jino limekwisha kuliwa sana. Kwa hiyo skrini isiyotofautisha kijivu na kijivu inanificha ugonjwa, hata kama kihisi kimeukamata. Kabla ya kupanda basi kwenda Dar nilipakua picha ya majaribio ya SMPTE, ile yenye mistari na visanduku vya kijivu ambayo watu wa radiolojia wanaijua. Ndani ya kisanduku cheusi tii kuna kijisanduku cha asilimia 5, na ndani ya kisanduku cheupe pe kuna cha asilimia 95. Skrini njema inakuonyesha vyote viwili. Skrini mbovu inameza kimojawapo. Nikaitia kwenye flashi pamoja na picha nne za meno nilizozifuta majina, nikaingia Kariakoo.

Maduka mawili ya mwanzo walinikatalia kuchomeka flashi ngeni kwenye mashine zao. Ni haki yao. La tatu, kijana mmoja akaniuliza, "Mama, hivi visanduku ndiyo meno?" Nikamfungulia picha ya mgonjwa, nikamwonyesha kivuli. Aliinama, akakitafuta, akakiona. Baada ya hapo alinishushia skrini moja baada ya nyingine kutoka rafu ya juu, na kila moja anatangulia yeye kutafuta kijisanduku kabla yangu. Tulijaribu saba. Tatu zilimeza kile cha asilimia 5. Mbili nyingine zilikionyesha ukizitazama uso kwa uso, lakini ukisogea pembeni hatua moja weusi unageuka kuwa kama majivu. Hizo ni zile za paneli ya TN. Daktari wa meno hakai uso kwa uso na skrini. Anakaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, anageuza shingo, anatazama kwa pembe. Paneli ya IPS, isiyogeuka rangi ukiitazama kwa pembe, ndiyo inayofaa, na hilo sitalilegeza.

Nilichukua tatu za Dell P2419H. Inchi 24, nukta 1920 kwa 1080, IPS, na nyuma zina matundu manne ya kufungia mkono wa ukutani, milimita 100 kwa 100. Zilinigharimu laki mbili na thelathini kila moja. Zipo skrini maalumu za tiba zilizosawazishwa kiwandani kufuata kipimo cha kijivu cha DICOM, mfumo wa kimataifa wa picha za tiba, na kliniki inayosoma picha za wengine kutwa nzima nadhani inazihitaji. Mimi kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, nafungua picha ya SMPTE kwenye kila skrini na kuvitafuta vijisanduku. Na nimetia pazia zito kwenye dirisha la chumba cha pili. Jua la Tanga saa nne likipiga kwenye kioo, skrini ya bei yoyote inakuwa kioo cha kujitazamia.

Kwenye viti vyote viwili nimefunga Dell OptiPlex 7060 Micro, ndiyo mashine ninayoisifu kuliko zote. Ni kisanduku cha sentimita 18 kwa 18 na unene wa vidole viwili. Ndani mna i5-8500T, prosesa yenye viini sita inayokula umeme kidogo. Zangu zilikuja na RAM ya GB 8, nikaongeza nyingine 8, na SSD ya GB 256 kwenye nafasi ya M.2. Pana nafasi ya pili ya diski ya inchi 2.5, na hiyo nimeitilia SSD nyingine ya kuhifadhi nakala palepale. Laki sita na ishirini kila moja, RAM ya kuongeza elfu sabini.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba inakaa nyuma ya skrini, ukutani. Chumba cha meno kina mvuke wa maji kutoka kwenye mashine ya kuchimbia, kina vumbi la plasta na akriliki, na hapa kwetu kina upepo wa bahari wenye chumvi unaokula chuma. Kompyuta kubwa ya sakafuni inayavuta yote hayo kwa feni yake, na anayepiga deki anaigonga kwa ufagio. Zaidi ya hayo, viwango vya usalama wa vifaa tiba vya umeme vinahesabu mita 1.5 kumzunguka mgonjwa kuwa eneo lake, na kompyuta ya kawaida ya ofisi inafaa ikae nje ya hapo. Kwa mkono wa ukutani nimeipata nafasi hiyo. Kibodi na mausi tunavifunika kwa plastiki nyembamba inayobadilishwa kila mgonjwa.

Mambo mawili ya kujua kuhusu mashine hii kabla hujaisafirisha. Haina sehemu ya kusomea CD. Na matundu yake ya skrini, kwa toleo la kawaida, ni DisplayPort. Dukani nilitiliwa waya za HDMI kwenye boksi, nami sikukagua. Nimezipakata mashine kilomita zaidi ya 300 mpaka Tanga, nafungua usiku, hakuna pa kuchomeka. Nilisubiri siku tatu waya zije kwa basi.

Kwa upande wa kihisi, kinachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta. Hapa niliwahi kukosea pia: nilitaka waya upite vizuri ukutani, nikaunganisha vipande viwili vya USB vya kurefushia. Picha zikaanza kuja na mistari, siku nyingine kihisi hakionekani kabisa. USB 2.0 ina mwisho wake, mita 5, na kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake kinakipunja kihisi chakula. Nilipoisogeza kompyuta karibu zaidi na kiti, bila kuingia ndani ya ile mita 1.5, na kuutoa ule waya wa kurefushia, mistari ilikwisha siku hiyohiyo. Kwa miezi kumi na minne sasa viti viwili vimepiga picha kila siku ya kazi, na hakuna hata moja iliyopotea baada ya mionzi. Tangu kubonyeza mpaka kuona jino kwenye skrini ni sekunde tatu, nne.

Mashine ya tatu ni tofauti, na si kila mmoja anaihitaji. Ni HP Z2 G4 ya mnara, i7-8700, RAM ya GB 32, kadi ya picha ya NVIDIA Quadro P1000 yenye GB 4. Milioni moja na laki saba na nusu. Ipo ofisini kwangu, nje ya vyumba vya wagonjwa, na inafanya kazi mbili: inatunza hazina ya picha zote ambayo viti viwili vinaisoma, na inafungua CBCT, yaani eksirei za taya za pande tatu.

Mimi sina mashine ya CBCT. Wagonjwa wenye gego la mwisho lililolala kwenye mshipa wa neva, au wanaotaka jino la kupandikiza, ninawatuma Dar na wanarudi na CD au flashi. Mwanzoni nilizifungua kwenye OptiPlex. Zinafunguka. Lakini ukitaka kuzungusha taya, kukata kipande kwa kipande kufuata mfereji wa neva, mashine inatembea kama imebeba mzigo. Hesabu yake inaeleza. Kipande cha taya cha sentimita 8 kila upande, kikigawanywa kwa vijichemraba vya milimita 0.2, ni 400 kwa 400 kwa 400, yaani vijichemraba milioni 64. Baiti 2 kila kimoja, ni MB 128, na picha za uso mzima zinafika mamia. Tena zote zinatakiwa zichorwe upya kila unaposogeza mausi. Hapo ndipo kadi ya picha inapolipa. Kwenye Z2 nazungusha taya kama ninalizungusha mkononi, na juzi nilimwonyesha mzee mmoja jinsi mizizi ya gego lake ilivyoukumbatia mfereji, akaelewa mwenyewe kwa nini namtuma kwa daktari bingwa wa upasuaji badala ya kung'oa hapa. Nimeinunulia kisomeo cha CD cha nje, cha USB. Usipokuwa na wagonjwa wa namna hiyo, iruke mashine hii. OptiPlex ya tatu ingetosha kutunza picha.

Mtandao ni wa waya, Cat6, swichi ndogo ya gigabiti. Programu inapoandika kwenye hazina ya picha kwa Wi-Fi na Wi-Fi ikapepesa, faili linaweza kuharibika, na chumba chenye kuta za kuzuia mionzi hakiipendi Wi-Fi hata kidogo.

Umeme umenichukulia muda kuliko nilivyodhani. Kila mashine ina UPS yake, betri inayoishikilia umeme ukikatika. Mashine ndogo na skrini yake hazili umeme mwingi, kwa hiyo UPS ndogo ya laki moja na tisini inanishikia zaidi ya dakika 20, nafasi tosha ya kumaliza picha, kuhifadhi na kuwasha jenereta bila pupa. Mashine ya eksirei yenyewe usiichomeke kwenye UPS hiyo. Inavuta kwa ghafla na kwa nguvu, itaiangusha. Kompresa nayo itengewe laini yake. Yetu ilikuwa laini moja na kompyuta za chumba cha kwanza, na kila ilipowaka skrini ilikonyeza. Fundi wa umeme aliitenga kwa nusu siku.

Mbali na ile SSD ya palepale kwenye kila kiti, picha zote ninazo sehemu tatu: ndani ya Z2, kwenye diski ya nje inayokaa kabatini, na diski nyingine ya nje ninayokwenda nayo nyumbani kila Ijumaa na kurudi nayo Jumatatu. Zote mbili zimefungwa kwa nywila ya BitLocker, kufuli ya Windows yenyewe, na kwa ajili hiyo nimehakikisha Windows ni Pro. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya taya la mtu yenye jina lake ni taarifa yake ya afya. Diski ikiibiwa kwenye mkoba wangu, nisingependa kumpigia simu mgonjwa hata mmoja kumweleza. Mara moja kila mwezi nachukua picha mojawapo kutoka diski ya nyumbani na kuifungua, kujua kama nakala ni nakala kweli. Programu yako iweze pia kutoa picha kwa mfumo wa DICOM, pamoja na jina na tarehe ndani yake, la sivyo siku ukibadili programu umeziacha picha za wagonjwa wako nyuma.

Jumla, kwa wanaopanga bajeti: OptiPlex mbili 1,240,000, RAM za kuongeza 140,000, Z2 1,750,000, skrini tatu 690,000, UPS tatu 570,000, swichi na waya 160,000, diski za nje mbili 420,000, mikono ya ukutani miwili 130,000. Ni shilingi 5,100,000. SSD za ndani za nakala nilikuwa nazo tayari. Kihisi peke yake kilinigharimu zaidi ya hapo, na kwa mwezi mzima nilikitumia kwa kompyuta iliyokuwa inakiangusha. Ukiiacha Z2, na Z2 inaachika, unabaki na 3,350,000, bila kuhesabu OptiPlex ya tatu ya kutunzia picha, na kazi ya kila siku haikupungukii. Usipunguze kwenye skrini na UPS.

Kompyuta mpakato ile hatukuitupa. Fundi aliitilia SSD na kuiongezea RAM, sasa ipo mapokezi inaandika miadi, na kwa kazi hiyo ni nzuri.

Mtoto yule alirudi baada ya miezi sita kukaguliwa. Gego 46 tuliliokoa, tulilitibu mzizi. Safari hii kihisi alikitia mwenyewe, mimi nikikisawazisha tu, na picha ilipotokea aliulizia ule mstari mweupe ndani ya jino ni nini. Nikamwambia ni dawa tuliyoijaza. Akasogea karibu na skrini akaufuata kwa kidole mpaka kwenye ncha.

Kiti cha tatu kinafungwa mwezi ujao, na nimeshaagiza 7060 Micro nyingine na P2419H nyingine, safari hii na waya wa DisplayPort. Flashi yenye picha ya majaribio ipo kwenye droo ya mapokezi. Daktari mwenzangu anayekwenda Dar kununua, apite kwanza Ngamiani, tutamnakilia.